Mtaa wa Waarabu Usio na Bahari

Ukitoka kituo cha treni cha Bugis, Singapore, huna haja ya kuuliza njia. Kuba la rangi ya dhahabu linachungulia juu ya mapaa, na ukilifuata utafika Msikiti wa Sultan, katikati ya Kampong Gelam. Vitabu vya watalii hupaita mtaa wa Waarabu, na vibao vya barabara vinatoa ushahidi: Arab Street, Muscat Street, Baghdad Street, Bussorah Street, ambayo ni Basra. Mtu aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja au Mji wa Kale wa Mombasa hawezi kupita hapa bila kujikuta anapima. Hapa wametushinda, hapa tumewashinda, hapa sote hali moja.

La kwanza kuandikwa daftarini ni kwamba mtaa huu haujawahi kuwa wa Waarabu watupu. Februari 1819 Mwingereza Raffles alitia saini mkataba na Sultan Hussein Shah, na mpango wa mji wa 1822 ukagawa ardhi kwa makabila. Upande huu, mashariki ya mto, akapewa sultani na watu wake: Wamalei, Wabugis mabaharia wa Sulawesi, na Waarabu wachache. Wachache hao wengi wao walitoka Hadhramaut, kulekule walikotoka Washihiri wa Mombasa na masharifu wa Lamu. Tofauti ni mfukoni. Kwetu Mshihiri wengi tunamkumbuka kwa kiduka, kwa kahawa, kwa kubeba maji na mizigo. Singapore akina Aljunied, Alsagoff na Alkaff walikuwa matajiri wa ardhi na biashara, na akina Alsagoff walikuwa na meli za kupeleka mahujaji Jeddah. Ila dini iliwafuata wote kwa sauti moja. Ile maulidi ya al-Habshi aliyoileta Habib Saleh Lamu, inayosomwa msikiti wa Riyadha kwa matari, inasomwa vilevile Singapore na Indonesia. Mzee wa Langoni, Lamu, akiketi katika kisomo cha huku, kitabu atakijua.

Msikiti wenyewe ndio wa kwanza kuona, na usiuone mbiombio. Ule wa mwanzo ulijengwa miaka ya 1820, Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ikitoa mchango. Huu wa sasa ulianza 1924 ukakamilika 1932, msanifu akiwa Denis Santry, Mzungu. Sisi wa Unguja tumelelewa na misikiti ya kujificha: unapita ukuta mweupe, unasikia adhana, ndipo unajua hapa ni msikiti. Huu haujifichi hata kidogo. Hata barabara ya North Bridge ilipindishwa ili jengo liweze kuelekea Makka. Na hapo kuna kitu kinachomchanganya mtu wa Mwambao. Sisi kibla chetu ni kaskazini, karibu moja kwa moja. Huku ni magharibi, na alasiri jua liko upande uleule wa kibla.

Sasa inua macho shingoni mwa kuba. Utaona ukanda mweusi, unang'aa kidogo, kama nakshi ya kigae. Si kigae. Ni vitako vya chupa, vimepangwa mstari juu ya mstari kuzunguka kuba zima. Jengo lilipokuwa likichangiwa, matajiri walitoa fedha, na maskini wakaombwa walete chupa tupu, ili nao wawe na sehemu yao ndani ya msikiti. Ukisimama Bussorah Street chini ya minazi, jua likiwa limelalia, unaweza kutofautisha kitako kimoja na kingine. Watu wengi wanapiga picha kuba na kuondoka bila kuvijua. Kwangu mimi hiki ndicho kitu bora kuliko vyote katika mtaa.

Kinachokosekana ni bahari. Kusini ya mtaa kuna Beach Road, na kweli hapo ndipo maji yalipofika zamani, vyombo vya Wabugis vikitia nanga mbele ya nyumba. Singapore ikajaza bahari kifusi, mara moja na mara nyingine, hata ufuko umekwenda mbali na badala ya milingoti umesimama msitu wa maghorofa. Mji wa Kale wa Mombasa una kasoro zake, lakini ukishuka bandari ya zamani bado unanusa chumvi. Unguja, Forodhani, watoto wanajitupa majini jioni kama hakuna kesho. Mtaa wa wafanyabiashara wa pepo za msimu, uliotengwa na maji, una upungufu ambao rangi mpya haiuzibi.

Oman imejaribu kuurudisha uhusiano wa zamani na mtaa huu. Mwaka 2012 Muscat Street ilipambwa upya kwa ushirikiano wa serikali mbili: matao ya mtindo wa Kiomani mwanzo na mwisho wa njia, na picha za ukutani. Ni pazuri, ni pasafi, na hapana mtu aliyekaa. Zawadi iliyonigusa zaidi ni ya 2010, pale Sultan Qaboos alipowapa Singapore jahazi liitwalo Jewel of Muscat, lililojengwa Oman kwa mfano wa chombo cha karne ya 9 kilichozama Belitung, Indonesia, na likasafiri kwa matanga mpaka huku. Mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari. Wazee wa Lamu walioona mitepe wasingehitaji maelezo.

Kuhusu mabaraza. Nyumba za hapa ni duka chini, makazi juu, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na mbele ya kila moja kuna njia ya kupita iliyofunikwa, futi tano kwa desturi. Tangu mpango wa 1822 iliamriwa hivyo, ili mpita njia asipigwe na jua wala mvua. Baraza la Unguja ni jambo jingine: ni la kukaa, la kahawa na bao, na masika yakifurika uchochoro ndipo linageuka kuwa daraja la kurukia. Hapa umma umepewa njia. Kule jirani amepewa kiti. Nilipokuwa natembea kwenye kivuli, nikiwa mkavu kabisa katika mvua ya kumwagwa kwa ndoo, niliwaonea wivu bila kificho.

Lakini majirani wako wapi? Hapo ndipo penye uchungu. Istana, nyumba ya kifalme, ni ya zama za Sultan Ali, mwana wa Hussein, karibu 1840. Mwaka 1897 mahakama iliamua kwamba ardhi ni ya serikali ya kikoloni. Sheria ya 1904 ikawaachia wazao wa sultani haki ya kukaa na posho. Wakakaa, ukoo ukazaana, vyumba vikagawanywa, mpaka walipohamishwa mwishoni mwa karne ya 20. Mwaka 2005 ikafunguliwa kuwa makumbusho ya Wamalei. Mtaa wenyewe ulitangazwa eneo la hifadhi 1989, na leo juu ya maduka ni ofisi na mikahawa zaidi kuliko vitanda vya watu. Haji Lane, ambako mahujaji maskini kutoka visiwani walilala wakingoja meli, sasa ni kichochoro cha nguo za vijana, picha za ukutani na pombe, hatua chache tu kutoka msikitini. Tusicheke: Mji Mkongwe nako baa na misikiti vinapakana. Na sisi tuliobaki na majirani tumepoteza kuta. Beit al-Ajaib ya Unguja, ya 1883, iliporomoka sehemu kubwa pamoja na mnara wa saa Desemba 2020, na watu wakafa. Singapore wangeuona ufa wake wa kwanza na kuleta mafundi kesho yake.

Kinachoufanya mtaa upumue ni Ijumaa na biashara zisizomhitaji mtalii. Arab Street bado ni ya vitambaa, batiki na mazulia, na maduka ya manukato yasiyo na kilevi yangalipo. Omba kunusishwa udi. Vibanzi vinavyofukizwa kwenye harusi za Pemba asili yake ni misitu ya huku: mti ukijeruhiwa, ukuvu ukaingia, hujitetea kwa utomvu mzito unaougeuza moyo wake kuwa mweusi, na kipande hicho peke yake ndicho chenye harufu. Muuzaji mzuri atakiweka kidogo juu ya kaa, atakuacha usubiri moshi wa kwanza upite, ndipo atataja bei. Bei itakutoa jasho. Mlango wa pili utapata bei nyingine, basi usinunue kwenye duka la kwanza.

Kula ni North Bridge Road, mbele ya msikiti, kwenye Zam Zam ya 1908 au Victory ya 1910, jirani na wapinzani tangu hapo. Wote wanauza murtabak, na mtu wa Mombasa akimtazama mpishi anarusha unga hewani hadi uwe mwembamba kama shashi, akautandaza kikaangoni, akaweka nyama ya kusaga na vitunguu, akapasulia mayai na kukunja, atamtambua mara moja ndugu wa mkate wa nyama. Wa kwao ni mpana zaidi na huja na mchuzi wa kuchovya. Wa kwetu una bizari zilizokaa sawa. Agiza wa kondoo, mdogo kwanza, na chai ya tangawizi, ambayo huimimina kutoka juu hadi itoe povu. Ijumaa nenda kabla ya adhuhuri. Baada ya sala hupati kiti, na wahudumu hawana muda wa kukueleza chochote.