Kahawa Husimamiwa, Chakula Hukaliwa



Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Kwetu ni Kagera. Mwaka 2022 nilikwenda Italia, nchi ya kusini mwa Ulaya, kwa mafunzo ya wiki sita. Nilikaa katika mji wa Bologna, nyumbani kwa mama mmoja mjane wa miaka 72. Mjukuu wake alijua Kiingereza, naye alikuwa mkalimani wetu.

Asubuhi ya kwanza mama yule alinipeleka kunywa kahawa. Nilitafuta kiti. Kumbe watu wote walikuwa wamesimama mbele ya meza ndefu ya muuzaji! Kikombe chao ni kidogo, na kahawa ni nyeusi na nzito. Mtu husalimia, hunywa mafunda mawili matatu, huuliza habari za jirani, kisha huenda kazini. Asubuhi wengi hutia maziwa. Lakini ukiomba kahawa ya maziwa baada ya chakula cha mchana, watakushangaa. Wanasema maziwa hulemea tumbo lililoshiba. Nilimwambia kuwa sisi Kagera tunalima kahawa, tena tunaitafuna. Alicheka sana.

Salamu zao pia zina adabu yake. Marafiki husema "ciao", hutamkwa "chao". Neno hili lilitoka kwa watu wa Venice, na maana yake ya zamani ni "mimi ni mtumwa wako". Nilikumbuka shikamoo yetu. Lakini mzee usiyemjua humwambii ciao. Unamwambia "buongiorno", yaani siku njema.

Jumapili mama yule alipika. Alichukua unga wa ngano, yai 1 kwa kila gramu 100. Alikanda, akausukuma kwa mti mrefu mpaka ukawa mwembamba kama kitambaa. Kisha akaukata vipande virefu vyembamba. Mchuzi wa nyama ulikaa motoni muda wa saa 3. Mezani tulikuwa watu tisa, wazee kwa watoto. Hakuna aliyekuwa na haraka. Kwao kahawa husimamiwa, lakini chakula hukaliwa.

Jioni watu huvaa vizuri na kutoka kutembea polepole. Hawaendi mahali maalumu. Wanatembea ili waonane na wasalimiane. Bologna ina vibaraza vyenye paa kando ya barabara. Urefu wake wote ni kama kilomita 62. Hata mvua ikinyesha, watu hutembea bila kulowa.

Jioni moja tulipumzika katika uwanja mkubwa wa mji. Mama aliniuliza, "Mwanangu, kazi yako kwenu ni nini?"

Nikamjibu, "Ninafundisha watu wazima kusoma."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mama yangu hakujua kusoma."

Nilishangaa. Nilidhani Ulaya kila mtu alisoma tangu utotoni. Akanieleza kuwa mama yake alikuwa kibarua wa mashamba. Mwaka 1960 televisheni ya taifa ilianza kipindi cha kisomo. Mwalimu wake alikuwa Alberto Manzi. Alichora picha kwa mkaa kwenye karatasi kubwa, kisha akafundisha herufi. Jina la kipindi lilikuwa na maana ya "Hujachelewa Kamwe". Kiliendelea hadi mwaka 1968. Wengi hawakuwa na televisheni, hivyo walikusanyika kutazama pamoja.

Akasema, "Nilikuwa na miaka kumi. Mama aliona haya. Aliwaambia watu kuwa amenisindikiza mimi. Lakini siku moja alisoma mwenyewe karatasi ya mshahara wake. Akaona siku mbili hazikuandikwa. Akarudi kwa mwenye shamba kudai."

Sasa mimi ndiye niliyenyamaza. Mama yangu mzazi alikuwa hajui kusoma. Alipouza kahawa yake alitia dole gumba kwenye karatasi, bila kujua zimeandikwa kilo ngapi. Mimi niliwafundisha mama za wenzangu, yeye nikamwacha. Niliona haya watu wajue kuwa mama wa afisa hajui kusoma.

Niliporudi nyumbani, nilimsimulia mama habari ile yote. Hakusema neno. Jumatatu alikuja darasani, akakaa nyuma kabisa.

Leo mama anasoma namba za mzani. Herufi b na d bado zinamchanganya. Juzi aliniuliza, "Yule mama wa Italia alilipwa zile siku mbili?"

Nikasema, "Nilisahau kuuliza, mama."

Akasema, "Basi lete karatasi tumwulize binti yake. Nitaandika mimi. Wewe utaniangalizia b na d."

Maswali
1. Kwa nini watu wa Bologna hutembea jioni?
2. Mama wa Italia aligundua nini katika karatasi ya mshahara?
3. Je, kijijini kwenu yuko anayeona haya kuja darasani? Utamwambia nini?