Safari ya Kwanza Baada ya Arobaini

Arobaini ilipotimia, safari yangu ya kwanza kutoka Mbagala ilikuwa ya kliniki ya mama na mtoto, hospitali ya Temeke. Mimi nilimbeba mwanangu, mama mdogo akabeba mfuko wa nepi, tukapanda daladala pale Rangi Tatu. Mpaka tunafika Mtoni kwa Azizi Ali, maneno ya majirani kuhusu uzazi wa mpango yalikuwa bado yananizunguka kichwani: kijiti hutembea hadi moyoni, kitanzi humchoma mume, sindano hufunga kizazi. Mama mdogo hakuyajali. Ujana wake alitumia vidonge vya UMATI, chama kilichoanza kazi ya uzazi wa mpango tangu mwaka 1959. “Mwanangu, kamuulize anayejua,” akaniambia.

Mtoto alipokwisha kupimwa uzito, tulikaa kwenye mabenchi. Nesi akaweka mezani vidonge, kichupa cha sindano, kitanzi na kijiti, akatuambia tuvishike. Kijiti ni chembamba kama njiti ya kiberiti. Binti mmoja akauliza, “Nesi, si nanyonyesha? Nitapataje mimba?”

“Kunyonyesha kunakinga, mama, ila masharti matatu yawepo kwa pamoja. Mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya tu usiku na mchana bila hata maji, na hedhi yako haijarudi. Likivunjika moja, kinga hakuna.”

Tukatazamana. Ni wangapi tuna mtoto ambaye bibi yake hajampa maji?

Zamu yangu ilipofika, chumbani kwa nesi nikauliza yangu yote. Vidonge vya vichocheo viwili havimfai anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6. Sindano huchomwa kila baada ya miezi 3, na ukiiacha uzazi unaweza kuchelewa kurudi. Kitanzi cha shaba hakina kichocheo, na hukinga miaka 10 hata zaidi. Nikachagua kijiti cha miaka 3.

Kilichonituliza ni kwamba nesi hakunificha kitu. Hedhi ingeweza kuvurugika, alisema, ikawa matone ya mara kwa mara au isionekane kabisa, na hilo si ugonjwa. Kijiti kingekaa papo hapo chini ya ngozi ya mkono, nikikipapasa nakigusa. “Na ukitaka kitolewe, njoo siku yoyote, huhitaji kusubiri miaka itimie.” Naamini mwanamke asiyeambiwa haya ndiye anayekimbilia kukitoa akiona damu, kisha anawatisha wenzake.

Ganzi iliuma kidogo, kijiti chenyewe sikukisikia. Nilifungwa bendeji, nikapewa kadi yenye tarehe ya kukitoa. Sikulipa hata senti.

Dada unayekaribia kujifungua, usingoje arobaini. Kijiti unaweza kuwekewa kabla hujatoka wodi ya wazazi, hata kama unanyonyesha. Kitanzi nacho huwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua. Zikipita, utasubiri wiki kadhaa. Uliza mapema, ukiwa bado kliniki ya wajawazito, na uulize pia kuhusu hedhi kuvurugika.