Kitabu Namba 6, Mbagala

Ukishuka daladala Rangi Tatu asubuhi, ukawapita wauza vitumbua na bodaboda wanaogombea abiria, utaikuta zahanati ambayo benchi zake zimejaa tangu alfajiri. Ni siku ya kliniki ya wajawazito. Kila mama ameshika kadi yake. Waliofuatana na wenza wao wanatangulizwa, desturi ya kliniki nyingi ya kuwavuta wanaume.

Kabla ya vipimo kuna somo. Muuguzi anapaza sauti kuzishinda honi za Barabara ya Kilwa: "Dalili za hatari ni zipi?" Wanajibu kwa zamu: kutokwa damu, kuvimba uso, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, mtoto kuacha kucheza.

"Ikitokea usiku?"

"Namwamsha baba yake!" Benchi zinaangua kicheko. Muuguzi naye anacheka, kisha anawarudisha kwenye namba 115. Ni simu ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa mtaani aliyesajiliwa, na nauli hulipwa na mpango wenyewe.

Chumbani kazi ni ileile kwa kila anayeingia: presha, uzito, damu, mkojo, utepe juu ya tumbo.

"Mtoto anacheza?"

"Anacheza, nesi."

Kisha muuguzi anaandika mara mbili, kwenye kadi ya mama na kwenye kitabu kikubwa cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, namba 6. Siku ya kujifungua mama huyu ataandikwa kwenye namba 12. Mwisho wa mwezi mistari hiyo hujumlishwa, ikapanda wilayani hadi wizarani. Takwimu za uzazi zinazojadiliwa kwenye mikutano mikubwa, nyingi zilianza kwa kalamu kama hii.

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulipata 104. Lengo la dunia ni chini ya 70 ifikapo 2030. Sifa huwaendea viongozi na wafadhili, nao wana sehemu yao. Lakini dalili za kifafa cha mimba hunaswa na anayepima presha, na damu baada ya kujifungua huzuiwa na anayechoma sindano ya oksitosini mara mtoto anapotoka. Mara nyingi huyo ni muuguzi mkunga.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonwe mara 8. Ukiitazama foleni hii, unajua kitakachopunguzwa kwanza ni mazungumzo, na humo ndimo mama husema linalomtisha.

Basi chumba kile kiongezewe muuguzi wa pili. Nasi tulio nyumbani tuhakikishe wake, dada na binti zetu wanafika kliniki kabla mimba haijatimiza wiki 12.