44,100: Namba Iliyonitoa Kwenye Kausha Damu

Mimi ni fundi redio, mkazi wa Tanga, mama wa watoto watatu. Natoa ushuhuda huu kwa sababu wanawake wenzangu wa kikoba wameniomba, na kwa sababu najua wapo wanaosoma ukurasa huu huku simu wameizima, wakimkwepa mtu wa marejesho. Nami niliwahi kuizima yangu.

Ufundi nilianzia VETA, nikaukomalia kwenye kibanda cha mzee mmoja pale Ngamiani. Tulitengeneza redio kaseti, deki za video, amplifaya za misikiti na makanisa. Kazi ilikuwepo. Kisha simu ikawa redio, ikawa kaseti, ikawa video, na wateja wakawa wanakuja kuulizia chaja tu. Mzee alipofariki kibanda kikarudi kwa mwenyewe, nami nikahamishia vifaa vyangu nyumbani, kwenye meza ya kulia.

Mume wangu alikuwa dereva wa bodaboda. Usiku mmoja aligongwa, mguu ukavunjika vibaya, akawekewa chuma. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, mwenyewe akaichukua. Matibabu yalitaka fedha taslimu, na fedha ya haraka ilikuwa kwa wale wakopeshaji ambao mtaani tunawaita kausha damu. Nilichukua. Rejesho lilikuwa kila Jumatatu, na kazi za fundi hazijui Jumatatu: wiki hii unapata feni mbili na redio ya gari, wiki ijayo hupati kitu. Ili kulipa mkopo wa kwanza nikachukua wa pili kwingine. Waliopitia huko wananielewa. Friji ilikwenda, televisheni ikafuata. Siku moja yule kijana wa marejesho aliangalia meza yangu, akauliza mita inauzwa shilingi ngapi. Nilimwambia abebe meza, mita haiuzwi.

Nikiwa katika hali hiyo, mwalimu wa kwaya wa usharika wetu akatuma niitwe.

Kwaya ilikuwa na kifaa cha kupigia nyimbo mazoezini. Alikiunda kijana mmoja wa besi ambaye alikuwa amekwishahamia Dodoma kikazi. Ndani ya kisanduku cha plastiki kulikuwa na bodi ya ESP32, sehemu ya kuchomeka memori kadi, na bodi nyingine ndogo ya zambarau yenye chipu ya PCM5102A ya Texas Instruments. Faili la muziki ni mlolongo wa namba zinazoitwa sampuli. Chipu hiyo huzigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka, amplifaya ikaukuza, spika ikautoa. Ni vipande vya bei ndogo, na sauti yake ni safi kuliko ya simu nyingi.

“Dada fundi,” mwalimu aliniambia, “sauti tulizotoa kwenye video zetu zinapiga vizuri. Nyimbo za CD zetu za zamani ndizo zinakimbia, na akina mama wanasikika kama watoto. Tumepandisha kinanda ili tuufuate wimbo, hatuupati. Ukipandisha nusu toni moja bado uko chini, ukipandisha mbili umepitiliza.”

“Mwalimu, na ni hivyo hivyo kila siku?”

“Kila siku. Na kila CD.”

Mafundi wawili walikuwa wamekiona kabla yangu. Mmoja alisema memori kadi ni feki, mwingine akasema chipu imekufa, inunuliwe nyingine. Lakini chipu iliyokufa haipandishi sauti kwa kiasi kile kile, kila siku, kwa CD zote na kuziacha za video. Nilikibeba kifaa nyumbani.

Nilianza na saa. Kwenye memori kadi kulikuwa na rekodi ya ibada kutoka CD, yenye urefu wa saa moja. Niliiwasha, nikaendelea kupika. Ikaisha ikiwa na dakika 55 na sekunde chache. Nikachukua mita, ile ile iliyonusurika, nikaigeuzia kwenye Hz. Ile bodi ya zambarau hupokea muziki kwa waya tatu: BCK inayohesabu biti, DIN inayobeba namba zenyewe, na LRCK inayotenganisha kushoto na kulia. LRCK hushuka kwa sampuli ya kushoto na kupanda kwa ya kulia, kwa hiyo ukiipima unapata idadi ya sampuli kwa sekunde. Ncha nyeusi nikaishikiza kwenye waya hasi, nyekundu kwenye LRCK. Wimbo wa video: 48.00, na alama ya kHz pembeni. Wimbo wa CD: 48.00.

Nilikaa kimya nikiitazama ile skrini. CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde. Sauti ya video kwa kawaida ina 48,000. Kifaa kilikuwa kinazisukuma zote kwa mwendo wa 48,000. Ukigawanya 48,000 kwa 44,100 unapata kama 1.088: ndiyo maana saa nzima iliisha kwa dakika 55, na ndiyo maana wimbo ulipanda karibu nusu toni moja na nusu, mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Mwalimu wa kwaya alikuwa amenipa jibu bila kujua.

Hapo ule ufundi wa deki, ambao nilidhani umeshakufa, ukanifaa. Marehemu mzee ndiye aliyenifundisha namba 44,100 ilikotoka. Kabla CD hazijaingia sokoni mwaka 1982, sauti ya kidijitali ilirekodiwa kwenye mikanda ya video. Kila mstari wa picha ulibeba sampuli 3. Kwa mfumo wa Marekani na Japani, mistari 245 iliyotumika, mara 60 kwa sekunde, inaleta 44,100. Kwa mfumo wa Ulaya, mistari 294 mara 50 inaleta namba hiyo hiyo. Watu wa filamu na televisheni wao walishika 48,000. Tangu hapo kuna koo mbili: 44.1, 88.2 na 176.4 upande mmoja. 48, 96 na 192 upande wa pili. Vifaa vya gharama huwekewa fuwele mbili za saa, moja ya megahezi 22.5792 na nyingine ya 24.576, kila ukoo na yake.

Sisi hatukuwa na gharama hiyo, ila ESP32 ina saa ya ndani inayoweza kurekebishwa, APLL, inayofika kwenye namba zote mbili. Katibu wa usharika aliniazima kompyuta mpakato, na yule kijana akanitumia programu yake kutoka Dodoma. Mstari mmoja ulikuwa umeandikwa 48000, basi. Kwake ilitosha, maana alikiunda kwa ajili ya video. Faili la WAV hujitambulisha lenyewe mwanzoni: ukianza kuhesabu kwa sifuri, baiti ya 24 hadi ya 27 ndizo zinazotaja kasi, iliyo ndogo ikitangulia. Faili la CD limeandikwa 44 AC 00 00. La video limeandikwa 80 BB 00 00. Niliongeza maagizo kwamba kila wimbo unapofunguliwa baiti hizo zisomwe kwanza, ndipo saa ipangwe.

Umeme ulikatika katikati ya kazi zaidi ya mara moja, na Jumatatu haikunisubiri. Kilipokubali, kikaja na kero nyingine: saa ilipobadilika kutoka wimbo hadi wimbo, spika zilitoa mlio, pu! Kwenye ile bodi ya zambarau kuna pini ya XSMT. Ikiwa chini, chipu inanyamaza. Ilikuwa imeunganishwa juu moja kwa moja kwa tone la risasi. Nililiondoa, nikavuta waya hadi kwenye ESP32, ili chipu inyamazishwe kwanza, saa ibadilishwe, halafu ifunguliwe. Nikapima tena. Video, 48.00. CD, 44.10.

Jumamosi kwaya ilipokutana, mpiga kinanda alirudisha kinanda mahali pake, wakapiga wimbo wa CD. Mama mmoja wa sauti ya pili, aliyekuwemo kwenye rekodi ile, akapiga kelele: “Huyo sasa ndiye mimi!” Walinilipa siku hiyo hiyo. Kisha kwaya ya jirani ikaniita, na baadaye kikundi cha kaswida kikataka kifaa kama hicho kipya kabisa.

Malipo yale yasingemaliza deni. Kilichonisaidia zaidi ni kwamba usiku ule wa mita niliona na shida yangu mwenyewe. Fedha yangu iliingia kwa mwendo mmoja na marejesho yalitoka kwa mwendo mwingine, wa haraka zaidi, kama ile rekodi ya ibada. Mwezi wangu ulikuwa unaisha tarehe 30 haijafika. Nilichukua daftari, nikaandika kila kinachoingia na tarehe yake, kila kinachotoka na tarehe yake, nikaenda nalo kwenye kikoba bila kuficha mkopo hata mmoja. Wenzangu walilisoma, wakalipa ile mikopo ya wiki, mimi nikabaki nikidaiwa nao shukrani, na fedha ya kulipa kwa mwezi. Nimelipa kidogo kidogo hadi nimemaliza. Mume wangu anatembea kwa fimbo, na ndiye anayenichomelea bodi siku hizi. Mkono wake umetulia kuliko wangu.

Namshukuru Mungu, namshukuru mwalimu wa kwaya kwa sikio lake, nawashukuru wanawake wa kikoba. Kwako wewe uliyezima simu: kabla hujachukua mkopo wa kufunika mkopo, andika tarehe zako zote kwenye karatasi moja, umpe mtu mmoja unayemwamini azisome. Kisha washa simu.