Mbwa Hawana Sikukuu

Kwa wengi wetu tuishio mijini, mbwa ni mmoja kati ya wawili. Wa kwanza ni yule asiyeonekana, aliye nyuma ya lango lenye kibao cha "Mbwa Mkali", ambaye tunamjua kwa sauti yake tu. Wa pili ni mbwa koko, apitaye jalalani alfajiri na kufukuzwa kwa mawe na kila amwonaye. Lakini yupo na mbwa wa tatu ambaye hatumfikirii sana. Huyo ni mbwa wa kazi, aliyezaliwa mahali fulani, akalishwa, akachanjwa na kufundishwa na mtu fulani kabla ya kufika kwenye lango la mtu. Ni juu ya mahali hapo, na juu ya mtu huyo, ninapotaka kuzungumza nawe leo, ndugu msomaji.

Baba yangu mdogo ni askari polisi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wake aliitumia katika Kikosi cha Mbwa na Farasi. Alipostaafu hakujenga nyumba ya kupangisha wala hakununua gari la abiria kama walivyofanya wenzake wengi. Alichukua kiinua mgongo chake akanunua shamba dogo la mikorosho katika kijiji kimoja wilayani Kisarawe, akajenga mabanda kumi na mawili ya matofali na wavu, akaanza kufuga mbwa. Kazi yake ina pande mbili. Upande mmoja huzalisha na kuuza mbwa wa ulinzi, hasa wa ule uzao wa Kijerumani ambao Max von Stephanitz, kapteni wa wapanda farasi, aliuanzisha rasmi mwaka 1899. Upande wa pili hupokea mbwa wa watu wanaosafiri, akawatunza kwa malipo ya kila siku mpaka wenyewe warudi. Kijijini wanamwita Afande.

Nilikwenda kukaa kwake Desemba moja, wakati wa likizo yangu, nikidhani nitapumzika. Kumbe mwezi ambao watu wa mjini hupumzika ndio mwezi ambao mabanda yake hujaa. Familia zinapopanda mabasi kwenda Moshi, Mbeya na Bukoba kula sikukuu, mbwa wao huja Kisarawe. Na mbwa hawana sikukuu. Siku ya Krismasi hula kama siku ya Jumatatu, na hunya vile vile.

Siku huanza saa kumi na moja alfajiri. Kazi ya kwanza si kulisha bali kutazama. Baba mdogo hupita banda kwa banda na taa yake, akiangalia macho, pua, kinyesi, na bakuli la jana kama limebaki na chakula.

"Mbwa hawezi kukuambia kwamba anaumwa, mwanangu," aliniambia. "Lakini bakuli lake litakuambia, na kinyesi chake kitakuambia. Ukiona uchafu kutazama vitu hivyo, kazi hii hukuiweza."

Baada ya kutazama hufuata usafi. Kinyesi huzolewa kwa koleo na kufukiwa mbali, kisha sakafu ya saruji husuguliwa kwa sabuni na dawa ya klorini. Mwanzoni niliona kama ni ukali wa kiaskari tu, hata nilipoelezwa habari za ugonjwa wa parvo. Ugonjwa huo ulitambuliwa duniani mnamo mwaka 1978. Virusi vyake hushambulia utumbo, na mtoto wa mbwa asiyechanjwa hutapika na kuhara damu, akaweza kufa katika siku chache. Virusi hivyo huweza kukaa udongoni kwa miezi mingi vikisubiri mguu wa kuvibeba. Kwa hiyo mbwa wageni wana upande wao, na upande huo una ndoo yake, ufagio wake na jozi yake ya mabuti. Aidha, mbwa asiye na kadi ya chanjo hapiti lango, hata mwenye mbwa awe mkubwa kiasi gani.

Chakula hupikwa mara moja kwa siku katika sufuria kubwa chini ya mkorosho: dona, dagaa, na mapafu au utumbo kutoka machinjioni. Hakitiwi vitunguu, kwa kuwa vitunguu huharibu damu ya mbwa, wala hapewi mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa hupasuka vipande vikali na kumchoma tumboni. Nilimwambia mama mdogo kwamba wapo watu mjini wasiopata chakula cha namna hiyo kila siku. Hakukasirika. Alinijibu kwamba hilo ni kweli, na kwamba ndiyo sababu mtu asifuge mbwa mpaka awe amepiga hesabu ya tumbo la mbwa pamoja na matumbo ya watoto wake.

Msaidizi wao ni kijana wa kijijini hapo, Mwislamu, na wapo waliomlaumu kwa kukubali kazi hiyo. Yeye ameweka utaratibu wake. Nguo za bandani hutundikwa nje ya uzio, na hazifiki nyumbani kwake. Karibu na bomba ana kopo la mchanga safi, na kila palipoguswa na mate ya mbwa hupaosha mara saba, moja kati ya hizo kwa mchanga, kama madhehebu yake yanavyoelekeza. Kisha huvaa kanzu akaenda kuswali. Alinikumbusha kile kisa mashuhuri cha katika Hadithi, cha mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Alisema dini yake imemfundisha namna ya kujitwaharisha, wala haikumkataza kumpa kiumbe maji.

Katika wiki yangu ya kwanza, mbwa jike mmoja alikuwa karibu kuzaa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Afande ana daftari la kila mbwa. Aliijua siku aliyopandishwa, akahesabu siku 63 au pungufu kidogo. Siku zilipokaribia, mama mdogo, ambaye naye ni muuguzi mstaafu, alimpima joto asubuhi na jioni. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likishuka chini ya 37, uchungu hauko mbali, aghalabu ndani ya siku moja. Lilishuka alasiri, na usiku ule hatukulala. Walizaliwa saba. Wa sita alitoka amelegea kama kitambaa kilicholowa. Mama mdogo alimfuta pua na kinywa, akamsugua kwa taulo kavu bila kukoma, mpaka akatoa sauti nyembamba kama ya ndege.

Watoto wa mbwa huzaliwa vipofu na viziwi. Hawawezi kujipatia joto, wala hawawezi kukojoa mpaka mama yao awalambe. Macho hufumbuka katika wiki ya pili. Kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili ndipo mbwa anapoujua ulimwengu: sauti ya pikipiki, harufu ya mgeni, mkono wa mtoto. Wakati huo huo hufundishana wenyewe kwa wenyewe. Katika mchezo mmoja humng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na kuuacha mchezo, na yule aliyeng'ata hujifunza kipimo cha meno yake.

Elimu hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi siku chache kabla ya Krismasi. Mabanda ya upande wa pili yalikuwa na watoto wa umri wa wiki tano. Alifika bwana mmoja kutoka mjini na fedha taslimu, akitaka mmoja awe zawadi ya sikukuu kwa wanawe. Nilijua kwamba gunia la dona lilikuwa limefika chini na kwamba fedha zile zilihitajiwa. Hata hivyo, baba mdogo alikataa. Alisema hatoi mbwa kabla ya wiki nane.

"Mzee, mimi ndiye ninayenunua," bwana yule alisema.

"Ni kweli, bwana. Lakini atakayeng'atwa na mbwa asiyefundwa na mama yake si wewe, ni mwanao."

Mgeni aliondoka amenuna. Siku ile tulipika dona ya kukopa dukani.

Tarehe 23 Desemba, mtoto wa jirani mwenye umri wa miaka kama kumi alitumwa mafuta ya taa, akang'atwa mguuni na mbwa asiye na mwenyewe, aliyekuwa akiyumbayumba na kutoa mate. Wanawake walikuwa tayari na majivu ya kupaka kidondani. Mama mdogo aliwazuia. Alimketisha mtoto chini ya bomba, akaliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, akitazama saa yake ya mkononi huku mtoto akilia. Kisha baba mdogo alimpakia yeye na mama yake kwenye pikipiki. Zahanati ya kwanza haikuwa na chanjo, wakaendelea mpaka hospitali iliyo mbali. Sindano ya kwanza alidungwa jioni ile ile.

Wasiojua waliona haraka ile imezidi kiasi, kwani jeraha lilikuwa dogo. Lakini kichaa cha mbwa hakipimwi kwa ukubwa wa jeraha. Virusi vyake husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, mara nyingi kwa miezi miwili au mitatu, na dalili zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Muda huo wa kimya ndio nafasi ya kumwokoa mtu. Louis Pasteur aliitumia nafasi hiyo Julai 1885, alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika. Karibu wote huupata kutoka kwa mbwa.

Kesho yake kijiji kilikutana chini ya mwembe. Hasira ilikuwa kubwa. Wengi walitaka mbwa wote wauawe, na wa kwanza kutajwa wakawa wa Afande, kwa kuwa kwake ndiko waliko wengi. Habari zilifika mjini upesi. Wateja wawili walikuja kuwachukua mbwa wao kabla ya siku, na malipo yao yakaondoka nao. Nilimtazama baba mdogo nikaona jinsi uso wake ulivyosinyaa. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa ndani ya mabanda yale.

Alisimama na kopo la biskuti lililojaa kadi za chanjo. Alimpa mwenyekiti wa kijiji azisome moja baada ya moja, jina la mbwa na tarehe. Kisha akasema kwamba mbwa aliyechanjwa ni ukuta. Ukimwua, umebomoa ukuta wako mwenyewe, na nafasi yake atakuja kuishika mbwa mwingine usiyemjua. Akaeleza kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Akatoa mfano wa Pemba, ambako kwa kuchanja mbwa ugonjwa uliondolewa mwaka 2014, ukarudi kutoka nje ya kisiwa mwaka 2016, ukaondolewa tena mwaka 2018.

Hawakumkubali wote. Lakini mwenyekiti alikubali kumwita afisa mifugo, na baada ya Krismasi kijiji kizima kilileta mbwa wake kwa kamba za katani, watoto wakiwa wamewakumbatia wadogo. Baba mdogo na yule kijana walishinda juani wakiwashika mmoja mmoja na kuwafunga midomo kwa vipande vya kanga kuukuu. Hawakulipwa kitu. Mbwa wa mabandani walilishwa saa mbili usiku, kwa taa.

Mtoto yule alimaliza sindano zake zote kwa tarehe zilizopangwa. Nilipokwenda tena baada ya masika kwisha, nilimkuta uwanjani akicheza mpira, na kovu lake likionekana kidogo tu. Mama yake alikwisha mpelekea mama mdogo jogoo. Yule bwana wa mjini naye alikwisha rudi. Alimchukua mbwa wake kwa wakati wake, pamoja na kadi yake.

Ndugu msomaji, si lazima kila nyumba iwe na mbwa. Lakini kila nyumba iliyo na mbwa inadaiwa. Inadaiwa maji kila siku, chakula, na chanjo ya kichaa tangu mbwa atimizapo miezi mitatu, kisha marudio kwa tarehe anazoandika daktari wa mifugo. Inadaiwa pia kuwafundisha watoto wasimsumbue mbwa anayekula wala anayenyonyesha, na kwamba aliyeng'atwa aseme hapo hapo, asifiche kwa kuogopa kuchapwa. Hayo si mambo ya watu wenye nafasi tu. Mstaafu wa Kisarawe huyafanya kila alfajiri kwa mbwa kumi na wawili, na baadhi yao si wake. Kama kadi ya mbwa wako huijui iliko, itafute leo, kabla hujafunga lango la usiku.