Kijumba cha Povu

Watu wa jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, wana desturi ya kuyapokea majira ya baridi wakiwa na kazi mikononi. Kuanzia Novemba hadi Machi maziwa huganda, bustani huzikwa chini ya theluji, na mtu asiye na shughuli ya kumshika ndani ya nyumba huweza kuugua kwa upweke. Ndiyo maana gereji nyingi za huko, ambazo wakati wa kiangazi hazina kazi ila kuhifadhi gari na mashine ya kukatia nyasi, hugeuka karakana. Huyu huunda mtumbwi, yule huchonga kabati, mwingine hufumua injini ya pikipiki kuukuu. Miongoni mwa kazi hizo ipo moja ambayo huenda msomaji wa Kiswahili hajapata kuisikia: kuunda trela ndogo ya kulala, yenye kuta za povu gumu, inayokokotwa na gari la kawaida hadi mahali pa kupiga kambi.

Trela zenyewe si jambo geni. Zilianza kuonekana Marekani katika miaka ya 1930, zikiwa na umbo la tone la machozi: mviringo mbele, nyembamba nyuma, na urefu usiotosha mtu mzima kusimama. Magazeti ya ufundi yalichapisha michoro yake ili mwenye msumeno na subira ajiundie. Zilipendwa sana baada ya Vita Kuu ya Pili, zikafifia, kisha zikafufuka katika miaka ya 1990. Za kale zilikuwa za mbao zilizovikwa bati. Mgeni katika ufundi huu ni povu, lile gumu la rangi ya waridi au ya samawati ambalo wajenzi hulitandika ndani ya kuta na chini ya sakafu ili kuzuia baridi. Chimbuko lake ni Uswidi katika miaka ya 1930, na Wamarekani walilikuza katika miaka ya 1940. Kazi yake ya mwanzo huko ilikuwa ya baharini: mwaka wa 1942 walinzi wa pwani walilitumia katika vyelezo vya kuokolea watu, kwa kuwa halizami wala halinywi maji.

Katika gereji moja ya kitongoji cha Minneapolis, majira ya baridi ya 2018 kuelekea 2019, kazi hiyo ilifanywa na baba mmoja mzaliwa wa Mombasa pamoja na binti yake wa miaka 16. Baba aliajiriwa kuwatunza wazee katika makao yao, zamu ya usiku. Marehemu baba yake alikuwa seremala Majengo, na yeye alikulia katikati ya takataka za randa na harufu ya mvule. Alipohamia ughaibuni aliubeba msamiati wa karakana ile mzimamzima: randa, patasi, tupa, msasa, keekee, jiriwa, bawaba, timazi, pimamaji. Miaka 13 ilikuwa imepita bila ya yeye kupata wa kuzungumza naye maneno hayo.

Binti naye alifika huko akiwa mtoto wa miaka mitatu. Kiswahili alichobaki nacho kilikuwa cha amri: njoo, kula, nyamaza, zima taa. Kila Jumapili nyanya yake alipopiga simu kutoka Mombasa, binti aliamkia, akaulizwa hali, akajibu kuwa ni mzima, kisha simu ikarudi kwa baba. Haikuzidi nusu dakika. Nyanya alikuwa ameanza kusema, bila ya kumlaumu mtu, kwamba ana mjukuu wa picha. Neno hilo lilimchoma baba kuliko baridi yoyote aliyoipitia katika nchi ile.

Kwa hiyo binti alipoleta mchoro wa trela ya povu na kusema anataka waende Ziwa Superior kabla hajajiunga na chuo, baba alikubali kwa sharti moja. Ndani ya gereji lugha ingekuwa Kiswahili tu. Sharti hilo lilikuwa jepesi kulitamka, lakini wa kwanza kulivunja alikuwa baba mwenyewe, siku ile ile vibao vya povu vilipoteremshwa garini. Aliviangalia, vikiwa vya futi 4 kwa 8 na unene wa inchi 2, akakinyanyua kimoja kwa vidole viwili, akakosa la kusema. Seremala ana majina ya kila tabaka la ubao. Kwa kitu kile hakuwa na jina hata moja. Akakiita kwa Kiingereza. Binti akacheka, akamkumbusha sharti.

"Basi tukiite povu," baba akasema.

"Povu si la sabuni?"

"Ndilo hilo, mama. Hili limeganda tu."

Wataalamu wa istilahi wangeweza kuandaa warsha ya siku tatu juu ya jambo hilo. Wao walilimaliza kabla chai haijapoa.

Ugumu wa baba haukuwa wa jina pekee. Moyoni aliona haya kujenga kwa kitu ambacho ukucha unaweza kukitoboa. Ubao hushika msumari, hubeba mzigo, huzeeka na mwenyewe. Povu halishiki hata skrubu. Binti, ambaye alikuwa na fizikia ya shule kichwani na maneno machache ya kuielezea, aliamua kumwonyesha. Alikata ukanda wa povu wenye upana wa shubiri mbili, akaubandika kitambaa cha turubai juu na chini kwa gundi ya mbao, akauacha siku tatu jikoni ukauke. Kisha akauweka juu ya vigoda viwili, akamwambia baba akalie. Baba alikuwa na kilo 80. Akakalia kwa tahadhari ya mtu anayepanda mashua ya mwenziwe. Ukanda ukabonyea kidogo, haukuvunjika.

Siri yenyewe si ya povu wala si ya kitambaa, ni ya kuvipambanisha pamoja. Ukanda ukilemewa, ngozi ya juu hubanwa na ya chini huvutwa. Turubai ni hodari wa kuvutwa, na ile ya juu, ikishalowa gundi na kukauka, haiwezi kukunjamana maadamu imeshikana na povu. Kazi ya povu ni kuziweka ngozi mbili mbalimbali zisikaribiane. Kadiri zilivyo mbali ndivyo ukuta unavyokaza. Baba alielewa kwa njia yake: alikumbuka ngoma, jinsi ngozi isiyoweza kusimama peke yake inavyopata nguvu inapowambwa. Mfano huo haukulingana sawasawa na fizikia, lakini ulimtosha kushika msumeno.

Kuta zilikatwa kwa kisu kirefu na kulainishwa kwa msasa. Palipohitaji bawaba, kitasa au dirisha, povu lilichimbwa na kipande cha mbao kikapachikwa ndani, maana hapo ndipo skrubu ingeuma. Kazi hiyo ya kupachika ilikuwa ya baba, na hakuruhusu mtu aiguse. Chini ya yote palikaa chesisi ya chuma yenye ekseli moja, iliyonunuliwa tayari.

Gundi ndiyo iliyowafunza mengi. Rangi za kupuliza na gundi nyingi za kopo zina viyeyushi vinavyolila povu hili kama maji yanavyokula sukari, kwa hiyo kila chupa ilisomwa kabla ya kufunguliwa. Gundi nyeupe ya mbao haina dhara hilo, ila hukauka kwa kupoteza maji, na katikati ya vibao viwili vya povu maji hayana pa kupitia. Hukaa mbichi kwa majuma. Kuunganisha povu kwa povu walitumia gundi ya poliyurethani, inayokauka kwa unyevu na kufura inapokauka. Binti alipoiona ikichuruzika kwenye maungio na kututumka, alitafuta neno, akalikosa, akaonyesha kwa mikono.

"Inaumuka," baba akamwambia. "Kama unga wa mahamri."

Neno hilo lilimkaa. Tangu hapo kila kitu kiliumuka: gundi, theluji paani, hata hasira ya baba alipokosa penseli yake.

Baada ya maungio ikaja ngozi ya nje. Povu lilikwaruzwa na kutobolewa matundu madogo madogo kwa gurudumu la miiba ili gundi ipate pa kujishikiza. Turubai ya pamba ingelazwa juu yake, ilowe gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, ikauke, kisha ipakwe rangi ya nje tabaka baada ya tabaka. Gundi ya namna hiyo haitaki baridi. Chini ya takriban nyuzi 10 za Selsiasi hushindwa kujenga utando, hugeuka unga mweupe kama chaki. Na mwisho wa Januari 2019 ulikuja ule wimbi wa baridi ya ncha ya dunia unaokumbukwa mpaka leo. Alfajiri ya tarehe 30 kipimo cha Minneapolis kilifika nyuzi 33 chini ya sufuri.

Walikuwa wamejenga hema la nailoni ndani ya gereji, likiwa limeizunguka trela, na ndani yake wakaweka kipasha joto cha umeme. Vya mafuta ya taa na gesi baba alivikataa. Aliwahi kusikia kazini habari za watu waliolala na jiko katika chumba kilichofungwa wasiamke, na hewa ile ya sumu haina harufu ya kumwonya mtu. Hata hivyo, wiki ile hema halikuvuka nyuzi 8. Baba alitaka kuendelea, kwa kuwa alikuwa na siku mbili za mapumziko na hakujua angezipata lini nyingine. Binti akaomba wajaribu kwanza. Walilaza vitambaa viwili vidogo juu ya vipande vya povu, kimoja wakakipeleka jikoni, kingine wakakiacha hemani. Kesho yake cha jikoni kilikuwa kigumu kama ngozi ya kiatu. Cha hemani kilibanduka chote kwa mvuto mmoja, kama ganda la ndizi, kikaacha unga mweupe vidoleni. Baba alikikunja, akakitia mfukoni, akaenda kulala. Turubai haikulazwa hadi katikati ya Februari.

Ilikuwa katika siku hizo za kungoja, wamekaa hemani na makoti yao bila la kufanya, ndipo maneno yalipozidi. Binti aliuliza kwa nini povu linazuia baridi. Baba akamwambia halizuii baridi, linazuia joto lisitoke. Ndani yake mna vijichumba visivyohesabika vilivyofunga hewa, na hewa iliyofungwa ni mvivu wa kupitisha joto. Akamweleza juu ya paa la makuti, ambalo huko pwani hufanya kazi hiyo hiyo kinyumenyume: huliacha jua nje. Binti hakuwa amewahi kuliona. Akataka kujua makuti husukwaje, hufungwa kwa nini, hudumu miaka mingapi. Mengine baba hakuyajua, ikabidi wampigie nyanya. Simu ile ilichukua dakika 40. Baba alikuwa mkalimani kwa dakika 10 za mwanzo; zilizosalia alikaa akichora mistari kwenye kipande cha povu.

Mwezi wa Aprili trela ilitoka gerejini ikiwa na rangi ya maziwa, taa za nyuma, nambari ya usajili na matundu mawili ya hewa, moja kila upande. Matundu hayo binti aliyadai kwa nguvu. Ukuta usiopitisha joto haupitishi pumzi pia, na watu wawili waliolala hutoa mvuke wa kutosha kulowesha mablanketi. Jiko likawekwa nje, nyuma, chini ya kifuniko. Uzito wote ulikuwa kilo 350. Mkono wa trela uliwekwa juu ya mizani ya bafuni, kwa sababu sehemu ya kumi au zaidi kidogo ya uzito ni lazima ilalie gari. Ikipungua, trela huyumba barabarani kama mlevi. Mizani ilisoma kilo 41. Baba alipima mara tatu.

Ziwa Superior ndilo linaloongoza duniani kwa eneo miongoni mwa maziwa ya maji baridi, na la pili yake ni Viktoria. Baba alilijua hilo tangu shule ya msingi. Walifika ufuo wake wa kaskazini mwanzoni mwa Mei, barafu ingali imeng'ang'ania kwenye miamba. Usiku ule nje palikuwa chini ya sufuri. Ndani hapakuwa na moto wowote, ila watu wawili, mablanketi, na ukuta wa inchi 2. Asubuhi matone machache tu yalikuwa yametunga kwenye kioo cha dirisha.

Saa moja asubuhi ya huko ni saa tisa alasiri Mombasa. Binti alipiga simu mwenyewe, akiwa bado amejifunika. Akasema wamelala ndani ya nyumba waliyoijenga. Nyanya akauliza ni nyumba ya nini, ya mawe au ya mbao.

"Ya povu, nyanya."

Kimya kikapita. "Povu la sabuni?"

"La. Limeumuka kama mahamri, halafu likaganda. Tukalivika turubai."

Nyanya alicheka hadi akakohoa. Kisha akaanza kuuliza kwa zamu: mvua ikinyesha je, na panya hawalitafuni, na baba yako anatosha humo na miguu yake ile? Binti akageuka upande wa ukutani, akaanza na la mvua.