Kapita wa Wanafunzi

Mtu akisikia neno "kapita" mara huwaza kengele, fimbo na daftari la majina ya wakosaji. Nasi tuliwaza hivyo, mpaka mwaka wa shule wa 2021-2022, tulipokuwa tukifundisha katika shule moja ya wasichana ya Waanglikana mjini Bunia. Msishangae kwamba Mkatoliki alifundisha huko. Tangu mapatano ya mwaka 1977, Serikali iliporudishia Makanisa usimamizi wa shule zao, walimu wa dini hii huonekana katika shule za dini ile.

Mwezi wa Oktoba tulikutana kumchagua kapita wa wanafunzi. Mama Prefe alimtaja binti mmoja wa darasa la sita, mpole, mwenye sauti ndogo. Sisi tulimpinga, tukisema hataweza kuwanyamazisha wenzake. Mama Prefe akajibu kwamba wenzake wakiwa na shida humwendea yeye kwanza. Basi akachaguliwa.

Kazi zake zilikuwa nyingi: kupiga kengele alfajiri, kupanga zamu za kuteka maji na za jikoni, kugawa ugali na maharagi, na kila jioni kuongoza sala ya bweni. Bidoni ya kwanza ya maji aliibeba mwenyewe. Hatukuliona jambo hilo kuwa kubwa.

Wasichana wale walitoka pande zote za Ituri. Wengi walizaliwa karibu na mwaka 2003, wakati vita ya Wahema na Walendu ilipofika mpaka katika njia za Bunia. Mwanzo wa Februari 2022 tulipata habari kwamba watu wapatao 60 wameuawa katika kambi ya wakimbizi ya Savo, upande wa Djugu, na watoto wakiwamo. Kesho yake chumba cha kulia kiligawanyika: kabila moja huku, kabila jingine kule, wala hapakusikika neno.

Kapita alichukua sahani yake, akaketi mezani pa kabila lisilo lake. Siku ya kwanza hakuna aliyemsalimu. Siku ya pili walimsogezea chumvi.

Majuma machache baadaye msiba ukamfikia yeye mwenyewe. Mjomba wake, aliyekuwa akimlipia masomo, aliuawa njiani. Jioni ile hakukubali mwingine aongoze sala. Alianza Baba Yetu, akafika penye ombi la msamaha, na sauti ikakatika. Bweni zima likanyamaza pamoja naye. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu vivyo hivyo.

Sisi tukaogopa. Tulimwita, tukamwambia, "Mwanangu, afadhali tuwagawe katika mabweni mawili kwa ajili ya usalama, na sala aiongoze mwingine."

Akainamisha kichwa, akajibu, "Mwalimu, nisamehe. Nikilisema neno lile kwa mdomo tu, wenzangu watajua. Ningoje kidogo. Na tukigawanywa leo, nani ataturudisha pamoja?"

Tuliona haya. Miaka yote ya seminari tulikuwa tukilisema ombi hilo asubuhi na jioni, wala hatukupata kukwama hapo hata mara moja.

Siku ya nne alifika pale pale, akakwama tena. Ndipo kutoka kitanda cha mwisho msichana wa kabila lile jingine alilitamka ombi lile peke yake, polepole. Kapita akalirudia baada yake, kisha wote wakalisema. Mabweni hayakugawanywa.

Hatudai kwamba chuki iliisha usiku ule. Wasichana wawili waliacha shule kabla ya Pasaka, na wengine walimaliza mwaka bila kusalimiana. Lakini meza zilichanganyika tena, na hapakuwa na ugomvi.

Waanglikana wa Ituri humkumbuka Apolo Kivebulaya, mwalimu Mganda aliyefika Mboga mwaka 1896. Chifu Tabaro alimtesa, na baadaye chifu huyo huyo akabatizwa. Sisi Wakatoliki twamheshimu Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 huku akimsamehe aliyemwua. Habari hizo tulizifundisha miaka mingi kama mambo ya zamani. Katika bweni lile tuliona gharama yake.

Mwezi wa Julai kapita alirudisha kengele na funguo kwa Mama Prefe, akaenda zake kwa mama yake mzazi.

Ninyi wazazi, mtoto wenu akichaguliwa kuwa kapita, msimwulize amepewa mamlaka gani. Mwulizeni anakula mezani pa nani. Nanyi wanafunzi, jioni ya leo mtakapofika penye ombi lile la msamaha, msilipite mbio. Yupo mtu ambaye jina lake lawangoja hapo.